Mwaka mmoja wa kujitolea visiwani Ukerewe: jibu kwa binti wa Dodoma

Swali: Bwana asifiwe. Nina miaka 24, naishi Dodoma, nimemaliza stashahada ya maendeleo ya jamii. Kanisa letu limeniomba niende kujitolea mwaka mmoja katika kijiji cha wavuvi wilayani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, nisaidie shule ya Jumapili, kikundi cha akina mama na elimu ya afya. Sijawahi kuishi karibu na maji, na mama yangu analiogopa ziwa. Naomba kujua siku ya kawaida huko inakuwaje, na nijiandae vipi.

Jibu: Amina, mwanangu, Bwana asifiwe sana. Nimehudumu visiwani kama mwinjilisti kwa miaka 14, na baadaye nikapewa kazi ya kuwapokea vijana wanaokuja kujitolea kama wewe. Nitakujibu kwa urefu, maana wengi huletwa huku na baraka za kanisa na begi la nguo, basi.

Kabla ya yote, ujue mwezi. Nasema mwezi wa angani. Kijiji unachokwenda kinaishi kwa dagaa, na dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Kukiwa na giza, taa inaelea juu ya maji, dagaa wanaikimbilia, wavu unapita chini yao. Mbalamwezi ikishakuwa kali, taa haina kazi tena; dagaa wametawanyika ziwa zima. Basi kila mwezi kuna siku kama 7 hadi 10 ambazo mitumbwi imevutwa mchangani, wanaume wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi inayovuja, wengine wanasafiri kwenda kusalimia kwao. Ndiyo maana huku ukimuuliza mtu kikao kiwe lini, anaangalia juu kabla ya kujibu.

Mimi hilo nilijifunza vibaya. Mwaka wangu wa kwanza niliandaa semina ya akina mama ya siku tatu, nikatangaza wiki mbili mfululizo kanisani. Siku ilipofika walikuja wanne: vikongwe wawili, mjamzito aliyekaribia kujifungua, na mmoja aliyekuwa mgonjwa. Niliumia. Jumapili yake nikasimama madhabahuni nikasema akina mama wa pale hawana kiu ya Neno. Hakuna aliyenijibu. Baada ya ibada mzee wa kanisa aliniomba kesho yake nimfuate alfajiri mwaloni, pale mitumbwi inapotua, nami nikakubali bila kujua ananipeleka kuona nini.

Saa kumi na moja kulikuwa bado giza. Kando ya maji walisimama akina mama karibu wote niliowasema jana yake, vitenge vimekunjwa hadi magotini, kila mmoja na ndoo. Mitumbwi ilipoanza kuonekana waliingia majini kuipokea. Bei inapatanwa hapo hapo, ndoo kwa ndoo, kwa sauti za juu, na mwenye pesa taslimu ndiye anayepewa kwanza. Kisha mbio. Dagaa akishatoka majini anahesabiwa kwa saa. Lazima awe ametandazwa kabla jua halijapanda. Nilimwona mama mmoja wa kwaya akichota kwa mikono miwili na kuwarusha juu ya mchanga kwa mkono uliozoea, wakaanguka kila mmoja peke yake, hakuna aliyemlalia mwenzake, eneo la ukubwa wa chumba likawa jeupe kama limemwagiwa sarafu. Mtoto wake wa miaka sita alikuwa na fimbo ya kufukuzia kunguru. Saa tano wingu likatokea, akina mama wote wakaacha walichokuwa wakifanya wakaanza kuwazoa. Mvua ikiwakuta wakalowa, dagaa wale hawafai tena kuliwa na watu, wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na mtaji wa mama umekwisha siku hiyo hiyo.

Semina yangu ilikuwa katikati ya siku za giza, mwezi ukiwa hauonekani usiku. Niliwataka waache mtaji wao mchangani waje kuketi kwenye benchi. Jumapili iliyofuata niliomba radhi mbele ya kanisa, na tangu hapo sijawahi kupanga jambo lolote bila kupita kwanza dukani kwa Mzee mmoja Mwislamu mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani. Tarehe zake zinaufuata mwezi. Kuanzia tarehe 11 au 12 hadi karibu 20, hapo ndipo pa semina, pa ndoa, pa ubatizo, pa mkutano wa kijiji. Nawe tafuta kalenda kama hiyo uitundike chumbani.

Kwa hiyo siku zako za kawaida zitakuwa za namna mbili. Wakati wa giza utaamka na wao. Nenda mwaloni, salimia, shika ndoo, jifunze kugeuza dagaa. Hutapoteza muda; mambo utakayosikia mchangani kati ya saa mbili na saa nne, wakati wanasubiri jua, hutayasikia ofisini kwa mwaka mzima. Mwenye mtoto anayeharisha atakuambia hapo. Aliyepigwa usiku atakaa karibu nawe bila kusema, na wewe kaa tu. Mchana kijiji kinalala, maana wanaume wamekesha. Usipite na spika ya uinjilisti saa saba mchana. Alasiri watoto wametoka shule, hapo fanya shule yako ya Jumapili hata kama ni Jumanne. Jioni mitumbwi inaondoka na nyumba zinabaki za akina mama na watoto. Wakati wa mbalamwezi yote hugeuka: usiku watu wanakaa nje, kwaya inafanya mazoezi hadi saa nne, na Jumapili kanisa linajaa wanaume ambao hukuwahi kuwaona. Wasabato nao wana utaratibu wao, Ijumaa jua likizama mitumbwi yao haitoki hata giza liwe zuri namna gani, na wenzao wanawaheshimu kwa hilo.

Sasa maji, na hapa nakuomba usome pole pole. Utakuwa umezungukwa na maji, na maji hayo yana kichocho. Huenda Dodoma umekisoma kitabuni. Visiwani kimo ndani ya nyumba. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wadogo wa kando ya ziwa, hasa jua likiwa juu, kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, na huingia kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Aina iliyoenea huku hukaa kwenye mishipa ya utumbo na kuharibu ini taratibu, miaka kwa miaka. Mwishoni tumbo hujaa maji na mtu anaweza kutapika damu. Nimezika watu wa namna hiyo, na zaidi ya mara moja nimesikia msibani kwamba marehemu alirogwa na mwenzake wa kambi ya uvuvi. Kazi yako ya elimu ya afya ianzie hapo, kwenye tumbo linalosemwa limerogwa.

Kwako mwenyewe: usioge ziwani, hata watakapokuita kwa upendo. Maji ya kuoga yateke, yafunike kwenye pipa yakae siku mbili. Vijidudu vile havina uhai wa zaidi ya hapo nje ya mwili. Ya kunywa chemsha, maana kipindupindu hakipo mbali na mahali ambapo kuchimba choo ni kugonga mwamba au kufukua mchanga unaobomoka. Ukilazimika kushuka majini kupanda mtumbwi, na utalazimika, usihangaike sana. Ila hesabu wiki 6 hivi tangu ulipogusa maji, uende zahanati upewe prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa kipimo cha uzito wako. Ukimeza mapema, minyoo michanga haifi. Wanafunzi hupewa dawa hiyo shuleni kwa kampeni. Anayesahaulika ni mvuvi mtu mzima, ambaye kampeni ikija yuko ziwani au amelala. Ukiweza kumshawishi muuguzi wa zahanati aje mwaloni siku ya mbalamwezi, utakuwa umefanya jambo kubwa kuliko semina kumi.

Chandarua chenye dawa usikiache. Na jioni fulani utaona kama moshi mweusi unapanda juu ya ziwa na kuja nchi kavu. Ni wadudu wa ziwani, hawaumi, funika tu chakula.

Kuhusu mama yako. Mwambie hofu yake ina sababu, nasi hatuidharau. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora siku ya gulio kikielekea kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Kilipinduka kikiwa kimeshaikaribia gati ya Bwisya, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho yao, na waliokufa walizidi 220. Ukifika Ukara usimuulize mtu habari hiyo kwa udadisi. Karibu kila ukoo una mtu wake pale. Akikueleza mwenyewe, msikilize hadi mwisho.

Basi haya ndiyo masharti ninayowawekea vijana wangu wote, na wewe mwonyeshe mama. Safari za ziwani ni asubuhi. Alasiri upepo huchafua maji, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini huwa mkali zaidi. Nunua jaketi lako la kujiokolea mjini Mwanza, lako mwenyewe, livae tangu unapopanda, hata kama wenzako wamelikalia kama mto. Chombo kikijaa, shuka. Utaonekana mwoga, utachelewa mkutano, mchungaji atakusubiri, shuka tu. Mvuvi mzoefu akisema leo hatuvuki, usimbembeleze kwa sababu una ratiba. Kutoka Mwanza kuna meli hadi Nansio, mji mkuu wa wilaya ya Ukerewe, mwendo wa saa tatu hivi, au unazunguka kwa barabara ya Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko mpaka Rugezi upande wa Ukerewe, ambapo safari ya majini ni fupi sana. Kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya moyo wa mama, pita Kisorya.

Chakula hakitakushinda. Ugali wa muhogo ni mzito kuliko uliouzoea, lakini kwa sato au dagaa wabichi utaupenda. Kuna michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo mtu anatembea navyo mfukoni kama karanga. Majirani watakuletea kitoweo wiki ya kwanza, bila kuuliza. Pokea kwa mikono miwili, na bakuli lisirudi tupu. Weka chumvi, au sabuni kipande, au mchele kidogo. Nimewaona vijana wazuri, wenye moyo wa dhati, wakipata sifa mbaya kijiji kizima kwa sababu ya bakuli zilizorudishwa zimeoshwa vizuri na hazina kitu.

Pesa ni mtihani. Wakati wa giza pesa ipo mkononi kila siku. Mbalamwezi ikifika, wengi wanakopa. Watakujia. Ukianza kukopesha kutoka mfukoni mwako, baada ya miezi mitatu hakuna atakayekuita dada tena, utaitwa tajiri, na tajiri huku ni cheo: ndiye mwenye mtumbwi, mwenye nyavu na taa, anayewadai wavuvi wake kabla hawajaingia majini. Usiingie kwenye ngazi hiyo. Wapeleke kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Kikundi chetu kina sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa akina mama watatu tofauti wasiokuwa ndugu, na halifunguliwi mpaka wote wawepo. Siku ya kugawana, mwaka wa pili, mjane mmoja alichukua fungu lake akaenda kulipia ndoo zake za kwanza bila kukopa kwa mtu. Alikuja kunionyesha risiti iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Ameihifadhi hadi leo ndani ya Biblia yake.

Nakuambia habari ya kikoba kwa sababu nyingine pia, na sitaki uisikie kwa mshangao ukiwa umeshasimama mbele ya watu. Mwanamke asiye na mtaji mwaloni anaweza kudaiwa mwili wake ndipo auziwe samaki. Upande wa Kenya wa ziwa hili wana jina kabisa, jaboya. Huku hatuna neno moja, lakini jambo lipo, na virusi vya UKIMWI vinapita humo. Ukisimama kuhubiri usafi wa mwili kwa akina mama bila kujua hilo, utakuwa unampiga aliyekwisha kupigwa. Mhubirie mwenye samaki. Mwanamke mtafutie ndoo yake.

Kuna magomvi utakayovutwa kuyaamua, hasa kati ya tajiri na wavuvi, au kati ya wageni wa kambi na wenyeji. Kuwa mwangalifu. Mnamo Desemba 1877 wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa hapa Ukerewe pamoja na watu wao wengi. Walikuwa wamenunua jahazi kwa mfanyabiashara aliyeitwa Songoro. Songoro akagombana na Mtemi Lukonge, akawakimbilia wao, nao wakakataa kumtoa. Siwalaumu, kumsitiri mtu anayekimbilia kwako ni jambo la Kikristo. Nasema tu kwamba walikuwa wageni wa miezi michache, na ugomvi ule ulikuwa na mizizi wasiyoijua. Wewe ukiletewa shauri, mpeleke mtu kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa kamati ya mwalo, na kaa na mwenye kuumia wakati shauri linasikilizwa. Mtu akikimbilia kwako usiku kwa hofu ya kupigwa, mfungulie mlango, na usiku huo huo mwite mke wa mchungaji na balozi wa nyumba kumi.

Ukipangiwa Ukara, nina neno la ziada, maana nakipenda kisiwa kile. Ni kidogo, kimejaa watu, na Wakara wamekilisha kizazi kwa kizazi kwa kazi inayostaajabisha. Ng'ombe wanafungwa ndani, wanakatiwa majani, samadi inabebwa kichwani hadi kwenye kishamba chenye upana wa hatua chache. Uwele na njugu mawe vinafuatana kwa mpango. Vilima vimejengwa matuta ya mawe. Wazungu wa enzi za ukoloni walikuja kuyaandika haya kama ajabu. Mimi nimeshuhudia kijana aliyetumwa na mradi mmoja akiwafundisha wazee wa pale faida za samadi kwa saa mbili. Walimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, wakampigia makofi, wakarudi kubeba samadi. Uliza kwanza. Na usiokote kuni: mti ulio peke yake porini, unaodhani ni wa Mungu tu, una mwenyewe na watoto wake wanajua utarithiwa na nani. Kuni zinanunuliwa.

Lugha itakayokutosha ni Kiswahili, kwa kuwa kambini kuna Wakerewe, Wajita, Wakara, Wasukuma, Waluo, na hakuna lugha inayowaunganisha ila hiyo. Lakini mwombe bibi mmoja jirani akufundishe salamu ya nyumbani kwake, uitumie kila asubuhi. Shikamoo usiiache hata siku moja, hata kwa mlevi.

Kazi ambayo hakuna aliyekuandikia kwenye barua ya mwito ni msiba. Ziwa likichukua mtu, kambi inasimama. Mitumbwi inatoka kumtafuta, haitoki kuvua, na familia inakaa ufukweni ikiangalia maji, siku moja, mbili, tatu. Mwaka ule wa kwanza nilibeba Biblia nikitafuta mstari wa kusema, nikaona mama wa marehemu hanisikii. Dada mmoja aliyekuja kujitolea kutoka Iringa alifanya vizuri kuliko mimi: alichota maji ya uji, akawasha moto pale pale mchangani, akawapa watu uji usiku kucha, hakuhubiri neno. Mwili ulipopatikana, mama yule alimwita yeye kwanza amshike mkono. Usiogope kutojua la kusema. Jifunze kuwasha moto wa kuni kwenye upepo.

Na Jumapili utafurahi. Sadaka inakuja na pesa kidogo na vitu vingi: sado ya dagaa, mafungu ya muhogo, kuku aliyefungwa miguu anayelia wakati wa maombi. Baada ya ibada ni mnada nje, chini ya mwembe. Dagaa wale wale waliotolewa na mama wa kwaya hununuliwa na mwanamume ambaye hana haja nao, kwa bei mara tatu ya mwaloni, halafu anamrudishia yule mama awapike. Usiwe mtazamaji. Tenga shilingi elfu moja au mbili za mnada kila wiki katika posho yako, hata ukinunua limau moja.

Mizigo iwe midogo: taa ya kichwa, kandambili ngumu, vitenge vitatu, sweta la usiku, dawa zako, daftari, Biblia yako. Zawadi za watoto acha. Ukigawa pipi siku ya kwanza utadaiwa pipi mwaka mzima.

La mwisho ni tarehe ya kufika, na hili mwombe mchungaji wako aliandike kwenye barua. Usifike wakati wa giza, utakuta kijiji kimelala mchana na usiku hakipo, nawe utakaa siku nne ukidhani hukupendwa. Fika mwezi ukiwa na siku 12 au 13. Mitumbwi itakuwa mchangani, akina mama wamepumzika, na ukishuka gatini utawakuta wamekuja wote na ngoma ya kwaya. Wataubeba mzigo wako kichwani hadi nyumbani, na usiku huo hutahitaji hata taa.